Baba Anapotaka Gari la Zamani la Mashindano

Wapendwa akina mama, mwezi huu tuweke kando habari za chanjo na lishe, tuzungumze juu ya gari. Mama mmoja wa hapa Mpwapwa, ambaye mume wake amestaafu, ameniuliza hivi: "Dada, baba watoto ameona Datsun ya zamani, ile ya milango miwili iliyokuwa ikishinda Safari Rally. Anataka kuinunua kwa kiinua mgongo. Nimwambie nini?"

Swali hili si dogo. Kiinua mgongo hakiji mara mbili, na nyumba nyingi zimekiegemea kwa bati, ada na uzee.

Kwanza tusiwacheke waume zetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwanamume anayestaafu leo alikuwa mtoto mdogo wakati ule, na picha ya gari lile haijamtoka moyoni. Kumwambia "hapana" bila sababu ni kuanzisha ugomvi. Afadhali mwende wote wawili mkalipime gari lenyewe.

Sisi wauguzi hatumpimi mgonjwa kwa uzuri wa nguo zake. Tunauliza historia, tunatazama, tunagusa, tunasikiliza. Gari nalo lipimwe hivyo hivyo.

Historia yake

Anzeni na kadi ya gari. Jina lililo kwenye kadi liwe la huyo anayeuza. Magari ya zamani mara nyingi yameachwa na marehemu. Kama ni hivyo, anayeuza awe msimamizi wa mirathi, naye aonyeshe barua ya mahakama. Kijana mmoja wa marehemu hawezi kuuza peke yake mali ya wote, na mkinunua kwake, kesho mjane na watoto wengine watakuja kudai haki yao.

Kisha fungueni boneti mtafute namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati. Datsun 240Z zenye usukani wa kulia zina namba inayoanza na HS30. Ilingane na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Mkiona pamesuguliwa au pamechomelewa, ondokeni. Ulizeni polisi wa usalama barabarani kama gari linadaiwa faini au linatafutwa, na mkikubaliana, umiliki ubadilishwe TRA. Muuzaji akisema gari hili ndilo lenyewe lililoshinda Safari, aonyeshe karatasi. Maneno matupu hayaongezi bei.

Kutu

Magari haya yalitengenezwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1973, na ugonjwa wake mkubwa ni kutu. Rangi mpya inayong'aa isiwadanganye. Chukueni sumaku ndogo, hata ile ya spika ya redio iliyokufa, mwifunge kitambaa na kuipitisha kwenye bodi. Isiponata, chini ya rangi kuna puti, si bati. Pimeni hasa chini ya milango, mbele ya magurudumu ya nyuma, na mahali betri inapokaa, maana tindikali ya betri hula bati. Inueni zulia mwone sakafu. Fundi alale chini atazame vyuma virefu vinavyobeba gari. Vikiwa vimeoza au vimepinda, hiyo ni mifupa iliyovunjika, na kuiunga ni gharama kubwa.

Injini

Nendeni asubuhi, injini ikiwa baridi. Gusa boneti kabla halijawashwa. Ukilikuta la moto, muuliza muuzaji kwa nini ameliwasha mapema. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikifanana na chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Gari likiwashwa, mmoja asimame nyuma atazame moshi. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, na huenda ni kabureta tu za kurekebishwa. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni kawaida, lakini ukiendelea hata injini ikishapata moto, maji yanaingia mahali pasipo pake.

Moshi unaoingia ndani

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Datsun hizi zina mlango mkubwa wa nyuma, na mpira wake ukichakaa moshi wa injini huvutwa ndani gari linapokwenda. Kufungua vioo vya mbele kunaweza hata kuongeza mvuto huo. Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi, sumu isiyoonekana wala kunuka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Mtu anaweza kudhani ni malaria, kumbe ni gari, na sumu hiyo huua.

Funga kipande cha karatasi kati ya mlango wa nyuma na mpira wake, kisha ukivute. Kikitoka bila kushika, mpira haufai. Rudia kuzunguka mlango wote, na fundi akague bomba la moshi kama limetoboka.

Breki, matairi na mikanda

Kwenye barabara tupu iliyonyooka, kanyageni breki. Gari lisivute upande. Kwenye tairi tafuteni tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye nyufa halifai hata kama mistari yake ni mirefu, maana gari lililosimama miaka mingi huzeesha matairi bila kutembea. Mikanda ya viti ivutwe kwa nguvu na kutazamwa. Iliyochanika au kukaushwa na jua ibadilishwe kabla ya safari ya kwanza.

Hesabu ya nyumba

Gari likishinda vipimo vyote, bado kuna swali la mwisho. Datsun 240Z ina viti viwili tu. Haitabeba watoto kwenda shule, wala gunia la mahindi kutoka Kibakwe, wala mgonjwa usiku pamoja na anayemshika. Vipuri vyake vingi huagizwa nje. Kwa hiyo ni gari la furaha, si la kazi, na furaha inunuliwe kwa fedha iliyobaki, si kwa fedha ya bati.

Kaeni mezani na karatasi. Andikeni ada, matibabu, nyumba na akiba. Kinachobaki kikitosha kununua na kutengeneza, mnunulie baba gari lake kwa moyo mweupe. Kisipotosha, mwonyeshe hesabu hiyo badala ya kumnunia. Mwanamume aliyeshiriki kuiandika atailewa bila kelele.