Maumivu Yasiyo na Jina Mpakani

Hapana mwalimu wa Busia au Malaba asiyemjua mama huyu. Ana watoto shuleni, huvuka mpaka na magunia ya nafaka au mitumba, na kwa miaka kadhaa mwili wamuuma wote. Hulala usiku kucha akaamka amechoka. Akipimwa damu, haonekani na lolote. Huambiwa basi kwamba si mgonjwa.

Yamkini ni mgonjwa. Yapo maradhi yaitwayo fibromayaljia, ambayo huwapata wanawake zaidi, na ambayo damu wala eksirei haiyaonyeshi. Mwaka 1990 madaktari wa baridi yabisi wa Marekani waliyatambua kwa kidole: walibonyeza mahali 18 mwilini, na mgonjwa alipaswa kuumia katika 11. Mwaka 2010 wakatoa vigezo vipya visivyohitaji kubonyeza. Daktari huuliza, mgonjwa husema. Kipimo kimekuwa lugha, na hapo ndipo mtu wa isimu kama mimi anapothubutu kuingilia mambo ya waganga.

Mama wa Malaba huenda akawaza kwa Kiteso, wa Busia kwa Kikhayo au Kisamia. Humweleza daktari kwa Kiswahili, naye daktari huandika kwa Kiingereza. Katika safari hiyo kichwa kiwangacho, mguu ufukutao na ngozi inyonyotayo vyote hugeuka "maumivu ya mwili". Hata neno letu uchungu, libebalo uzazi, msiba na shubiri kwa pamoja, mbele ya daktari huwa fumbo.

Tena kuna hisia. Katika miaka ya 1970 daktari Peter Sifneos alilipa jina tatizo la mtu kushindwa kuzitambua na kuzitaja hisia zake: aleksithimia. Watafiti wameikuta zaidi kwa wenye fibromayaljia kuliko kwa wazima. Sisemi kwamba maumivu hayo ni ya kuwaziwa, wala kwamba maneno yatashika mahali pa dawa na mazoezi ya viungo. Nasema kwamba hofu na hasira huyachochea maumivu, na aliyelelewa kwa neno moja tu, "jikaze", atayapunguzaje asiyoweza kuyataja?

Mara nyingi mkalimani wa mama huyu ni mwanawe aliye shuleni. Ndiye nimwandikiaye hasa. Usimfupishie mama maneno. Akisema mguu wafukuta tangu mzigo wake ulipozuiliwa forodhani, mpe daktari yote mawili, mguu na forodha.