Unataka kujaza midomo? Uliza kwanza kama wana altrasaundi

Siku hizi kudungwa sindano ya kujaza midomo, kuinua mashavu au kunyoosha pua si mambo ya mastaa wa Hollywood pekee. Fungua Instagram au TikTok tu, utapata kliniki ya hapa Nairobi inayokuambia uingie saa ya lanchi utoke na sura mpya. Hatuna neno na anayetaka kujirembesha. Uso ni wake, pesa ni zake. Swali letu ni moja: anayeshika hiyo sindano anaona anakoielekeza?

Mara nyingi haoni. Fila ni jeli, na nyingi hutengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki. Anayedunga hutegemea vidole vyake na michoro ya mishipa aliyosoma darasani. Shida ni kwamba mishipa ya damu haijapangwa sawa kwa kila mtu. Wako unaweza kuwa karibu na ngozi kuliko wa rafiki yako. Jeli ikiingia ndani ya mshipa, au ikiubana kutoka nje, damu inakatika, na ngozi iliyokosa damu hufa. Tena mishipa ya pua na ya katikati ya nyusi imeungana na ile ya macho, kwa hivyo jeli inaweza kusafiri hadi huko ikamwacha mtu kipofu. Ni nadra, ndiyo. Lakini jicho likikaa bila damu kwa saa moja na nusu hivi, mara nyingi kuona hakurudi.

Hapo ndipo altrasaundi inaingia. Ni ile ile ya kuangalia mtoto tumboni, ila ya usoni hutumia kifaa kidogo kinachoonyesha vizuri vitu vilivyo karibu na ngozi. Kabla ya kudunga, daktari anaona mshipa uko wapi, uko chini kiasi gani na damu inapita vipi. Anaona hata fila ya zamani ambayo mteja ameamua kunyamazia.

Mambo yakiharibika, inasaidia zaidi. Fila ya aina hiyo huyeyushwa kwa dawa iitwayo hayaluronidesi. Bila picha, daktari huidunga kwa wingi eneo zima akibahatisha. Akiona palipoziba, anadunga hapo hapo kwa dozi ndogo. Mwishoni mwa 2025, katika kongamano la wataalamu wa radiolojia huko Chicago, Rosa Sigrist wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, aliwasilisha uchunguzi wa watu 100 waliopata matatizo ya mishipa baada ya fila. Kwa asilimia 35 yao, damu ilikuwa haipiti kwenye mishipa mikubwa.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi kuna sababu nyingine. Dalili ya mapema ya mshipa kuziba ni ngozi kupauka, kisha kuingia madoadoa. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo hayaonekani upesi. Macho matupu yakichelewa kuona, mashine inaweza kuona.

Watasema mashine ni ghali na bei itapanda. Ni kweli, lakini rahisi huishia kuwa ghali, na jicho halina spea. Mashine nayo si hirizi: kwa asiyejua kuisoma, ni televisheni tu.

Msimamo wetu ni kwamba kliniki inayodunga fila iwe na altrasaundi na mtu aliyefunzwa kuitumia, na dawa ya kuyeyusha iwe tayari kabla mteja hajalala kitandani. KMPDC, baraza linalosajili madaktari na kutoa leseni za hospitali, lifanye hilo kuwa sharti.

Kabla hilo halijafanyika, jilinde mwenyewe. Usidanganywe na taa na viti vya kifahari. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Uliza: wewe ni daktari aliyesajiliwa? Mna altrasaundi? Dawa ya kuyeyusha iko hapa, leo? Kuuliza si ujinga. Akikasirika au akianza kuzungusha maneno, beba mkoba wako uende zako. Midomo yako inaweza kungoja.