Wanaoisifu Kusadikika Hawajaisoma

Kuna itikadi iliyokita mizizi katika mabaraza yetu, na katika baadhi ya madarasa pia, ya kuwa riwaya ya Kiswahili ilikuwa safi zama za wazee, ikaja ikachafuliwa na waandishi waliofuata; kwamba Shaaban Robert na wenziwe waliandika kwa adabu, kwa lugha nyepesi na kwa nia ya kuongoa, ilhali hawa wa baadaye hawajui ila ulevi, zinaa na mafumbo ambayo hata wao wenyewe, wakiulizwa, hawayafumbui. Maneno haya husemwa kwa taadhima kubwa, aghalabu na waungwana wasiotaka ila heri, na kwa sababu hiyo hupokewa bila ya mtu kudai ithibati. Mimi naidai, maana nimezisoma riwaya za pande zote mbili kwa mapenzi na si kwa mtihani, na usafi huo unaosimuliwa sikuuona.

Na tuanze na Shaaban Robert mwenyewe, madhali jina lake ndilo linalogeuzwa fimbo ya kuwachapia wengine. Kusadikika ilipotoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza na mwandishi akiwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo, ilikuwa ni hati ya mashitaka iliyovishwa kanzu ya hekaya. Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu uanasheria, naye, badala ya kuomba radhi, anasimama mbele ya mfalme siku baada ya siku akihadithia habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi yao maendeleo, wakarudi na elimu waliyoitaabikia, wakatiwa gerezani. Mjumbe wa kwanza anafungwa, msomaji akasikitika. Wa pili anafungwa, akaghadhibika. Akifika wa nne au wa tano huwa amekwisha kujua mwisho wake kabla ya kuambiwa, akaanza kuichoka dhuluma vile vile waichokavyo wananchi walioizoea, na sidhani kuwa uchovu huo ulimtokea mwandishi kwa bahati mbaya. Je, hiki ndicho kitabu cha upole tunachoambiwa tuwarejeshee vijana?

Nina dhana, na sitaificha, ya kuwa wengi wa wanaokisifu hawakukimaliza. Zitazame zile nakala chakavu za vitabu vya shule zinazotandazwa juu ya maturubai kandoni mwa njia. Kurasa za mwanzo zimejaa penseli: hapa “dhamira”, hapa “methali”, hapa “tashihisi”, na mistari iliyokokotwa kwa rula chini ya kila neno la hekima. Kisha penseli inapungua, kisha inakatika kabisa, na nusu ya pili ya kitabu ni nyeupe kama ilivyotoka kiwandani. Mtu aliyekisoma hivyo atabaki na nini ukubwani, ghairi ya kukumbuka kwamba palikuwa na mafunzo?

Muhammed Said Abdulla naye amefanyiwa dhuluma ya namna hiyo. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotunukiwa katika mashindano ya uandishi ya 1957–58 na kuchapishwa 1960, hutajwa leo kana kwamba ni hazina ya mila za Unguja, kitabu cha kuwarudisha watu kwenye mambo ya wahenga. Kumbe ni kinyume chake! Maiti inakutwa mzimuni, watu wanatetemeka, na Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hiki, na kiko chake mdomoni, hatetemeki hata kidogo. Anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani atafaidika na mauti haya, hadi hofu ya mzimu inabaki kuwa pazia tu alilojifichia mwanadamu mwenye tamaa. Kwa msomaji wa wakati ule hii ilikuwa jeuri ya kisasa, tena jeuri yenye kuchekesha. Masikini Najum, sahibu wa Bwana Msa, ambaye kila mara huelewa wa mwisho, ndiye aliye karibu zaidi na wanaokisifu kitabu hiki bila ya kukifungua.

Lakini hujja iliyo nzito kuliko zote ni Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi alipoitoa mwaka 1971 ilipigiwa kelele kuwa ni uchafu, ikazuiwa isisomwe mashuleni. Na hivi leo watu wale wale, au watoto wao waliorithi sauti zao, huitaja miongoni mwa riwaya za wazee, wakaitumia kuwakemea waliokuja nyuma. Kitabu hakikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni umri wake. Na waliokiita kichafu hawakuutazama ule mlango kinaoingilia: Zakaria, baba mlevi asiyewajali wanawe, anaikamata barua ya mvulana aliyomwandikia bintiye, na anampiga yule mtoto kipigo ambacho hakimfunzi lolote juu ya wanaume ila kuwaogopa. Kila kinachomfika Rosa baadaye, mpaka anapojiua kwa mkono wake, kina shina katika ulinzi ule wa bakora. Mwandishi aliwaonyesha wazazi kazi ya mikono yao. Wakaona ni wepesi zaidi kumshutumu kwa kulitaja tendo kuliko kujihadhari na chanzo chake. Kama maadili ndiyo tunayoyataka katika riwaya, sijui riwaya yenye maadili makali kuliko hii.

Shutuma ya pili, ya mafumbo, ni dhaifu zaidi. Husemwa kwamba Nagona na Mzingile, vitabu viwili vyembamba vya Kezilahabi vilivyotoka mwaka 1990 na 1991, havieleweki, na kwa kuwa havieleweki si Kiswahili. Ajabu iliyoje kusikia haya kwa watu wa pwani! Al-Inkishafi imekaa nasi karne mbili, imejaa maneno ambayo Mswahili wa leo hayajui bila ya kufasiriwa, na hajatokea mtu akasema kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliiharibu lugha. Tunakaa chini, tunauliza wajuzi, tunarudia beti. Ugumu katika shairi la kale tunauita kina, na ugumu katika riwaya mpya tunauita wazimu. Mimi sikuifahamu Nagona yote, na kuna kurasa zake ambazo naona zingepungua bila hasara; hata hivyo imenikalia moyoni muda mrefu kuliko riwaya nyingi nilizozifahamu tangu ukurasa wa kwanza.

Wala sisemi kuwa jipya ni bora kwa kuwa ni jipya. Utubora Mkulima ya Shaaban Robert nimeisoma kwa heshima na kwa taabu, kwa sababu mtu aliyepewa jina la wema tangu mwanzo hana njia ya kunishangaza, seuze kunitia wasiwasi. Yasmin wa Vuta N’kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa 1999, ana jina la kawaida, na kwa hiyo sikujua atafanya nini: binti wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa Bwana Raza aliyempita mbali kwa umri, akatoroka, akakataliwa na jamaa zake mwenyewe, akapokewa na Mwajuma, mwanamke asiye na kitu ila kicheko na kitanda cha kugawana. Urafiki wa wanawake hawa wawili, mmoja akijifunza umaskini na mwingine akimfunza pasi na kumcheka sana, nausadiki kuliko hotuba zote za siasa za Denge, mpigania uhuru wa riwaya hiyo, ambazo, kwa insafu, mwandishi angeweza kuzifupisha. Riwaya hii ina pombe, ina ngoma, ina mapenzi yasiyo na hati ya kadhi. Mwenye kuona hayo tu hakumwona Mwajuma.

Yapo ya kulalamikiwa kweli katika riwaya za siku hizi, na ni ajabu kwamba wapenzi wa wazee hawayataji. Vitabu hutoka na makosa ya chapa ambayo mhariri mmoja mwenye subira angeyaondoa. Wachapishaji huikodolea macho orodha ya vitabu vya mtihani, na riwaya isiyomo orodhani huchapwa mara moja, ikatoweka madukani. Na riwaya iliyomo husindikizwa na mwongozo wenye muhtasari na majibu tayari, ambao mwanafunzi huununua kwanza na mara nyingi huishia nao. Kwa njia hiyo tunaandaa kizazi kingine cha watu watakaozisifu riwaya kama Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri miaka thelathini ijayo, na kuwatukania kwazo waandishi ambao bado hawajazaliwa, bila ya kuzisoma.