Wanaoshuka chini ya ardhi Ituri, nani anawahesabu?

Kwenye simu za vijana wa Bunia hupita video za wazungu wanaoshuka chini ya miji yao kwa raha tu. Buti mguuni, taa kichwani, wanafungua kifuniko cha chuma katikati ya barabara na kupotea humo. Wanaotazama hucheka: mtu anatambaa kwenye matope usiku kucha, halafu anatoka mikono mitupu, bila hata gramu moja ya zahabu!

Chini ya Bunia hakuna njia za namna hiyo. Kuna kanivo, na mvua ikinyesha wakaaji wa Nyakasanza na Mbunya wanajua hali yake. Lakini jimbo la Ituri nalo lina mji wake wa chini, ila uko Mongbwalu, kilomita kama 80 kaskazini. Na wanaoingia humo hawaendi kutembea.

Zahabu ilionekana mara ya kwanza mwaka 1903 kwenye mto Agola, na watafutaji wawili waliotoka Australia. Wabelgiji wakaja, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto, ile ambayo baadaye wazee waliiita OKIMO na leo inaitwa SOKIMO. Hao walichimba chini kwa chini: galeri ndefu ndani ya mwamba, na nguzo za mawe zilizoachwa makusudi ili zishike dari. Mwaka 1982 Mobutu aliruhusu wananchi kuchimba kwa mikono. Kampuni ikadhoofika, vita vikaja, mashine zikanyamaza. Galeri zikabaki, na watu wakaingia.

Mtu aliyezoea galeri si mjinga. Anajua mahali hewa inapokuwa nzito, mahali maji yanapoingia wakati wa mvua, nguzo gani imeshaguswa na tundu gani linatokea upande wa pili wa kilima. Hakusoma hayo popote. Alionyeshwa na mkubwa wake, naye atamwonyesha mdogo wake, kama wote wawili watakuwa hai. Kampuni ilikuwa na michoro ya galeri zake, lakini mchoro ulioko ofisini haumsaidii aliye ndani. Tena mchoro wa zamani hauonyeshi yaliyochimbwa baada ya mashine kuzima.

Nguzo ndiyo hatari kubwa, kwa sababu nayo ina zahabu. Anayekula nguzo leo anamwangushia dari atakayekuja kesho. Gorumbwa, kule Durba katika eneo la Watsa, ni mfano ambao kila mchimbaji angepaswa kuusikia. Wakati wa vita, mgodi huo ukiwa chini ya askari wa Uganda, baruti zilipigwa humo bila kujali nguzo, na mwaka 1999 ukaporomoka. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2005 kuhusu dhahabu ya Kongo imeeleza jambo hilo kwa urefu. Maji yakajaza kilichobaki.

Sheria inasemaje? Kodi ya madini, ile ya 2002 iliyorekebishwa 2018, inasema mchimbaji wa mikono asipite mita 30 kwenda chini. Maneno mazuri. Ila matokeo yake ni kwamba, kwenye karatasi, ndani ya galeri za kina kirefu hakuna mtu. Na asiyekuwepo kwenye karatasi haandikwi anapoingia, wala hatafutwi asipotoka. Kila mara shimo linapoanguka, hesabu huanza upya: PDG wa shimo anataja idadi moja, familia zinataja nyingine, na viongozi wanaahidi uchunguzi. Ubishi huo unatokea kwa sababu asubuhi ile hakuna aliyeshika kalamu mlangoni mwa shimo.

Hapa wale wazungu wa kwenye video wana jambo la kufundisha, si wao wenyewe bali mji wao. Chini ya Paris kuna galeri za kilomita kama 300, zilizochimbwa kwa karne nyingi kutafuta mawe ya kujengea, halafu zikasahauliwa. Mwaka 1774 kipande cha barabara kilizama. Mwaka 1777 mfalme aliunda ofisi ya kukagua mashimo hayo, na mkuu wake, Guillaumot, alianza na kazi moja: kushuka, kuchora, kutegemeza dari, na kuandika ukutani jina la barabara iliyo juu, ili aliye chini ajue yuko wapi. Kukataza watu wasizunguke humo kulikuja baadaye sana, mwaka 1955. Kwanza ramani, kisha marufuku. Ituri imeanza na marufuku na haijafika kwenye ramani.

Kuna jambo lingine ambalo halihusu wachimbaji peke yao. Kati ya 1998 na 2000, ugonjwa wa Marburg ulizuka Durba na Watsa: wagonjwa 154, waliokufa 128. Wengi walikuwa vijana wa mgodini, na ulimwengu ulishtuka tu pale daktari mkuu wa zone ya afya alipokufa naye. Mlipuko ulikwisha Gorumbwa ilipojaa maji. Baadaye wataalamu walikuta alama za virusi hivyo kwa popo waliokuwa wakiishi humo. Mwaka 2008 mwanamke mmoja Mholanzi aliingia pango la popo Maramagambo, Uganda, kama mtalii, akarudi kwao na kufa kwa Marburg. Ituri iliyopita kwenye Ebola ya 2018 hadi 2020 haihitaji kuelezwa maana ya homa isiyojulikana ilikotoka. Kama mgonjwa akifika kituo cha afya na hakuna anayejua aliingia tundu gani, na nani, uchunguzi unaanza gizani.

Wapo watakaosema kuwaandika wachimbaji ni kuhalalisha uvunjaji wa sheria. Lakini wanaingia tayari, na zahabu yao inauzwa mchana kweupe. Hofu ya wachimbaji wenyewe ina uzito zaidi: daftari la majina leo, kesho litakuwa daftari la kulipisha pesa. Mtu aliyelipishwa kwenye kila kizuizi kati ya Mongbwalu na Bunia hawezi kulaumiwa kwa kufikiri hivyo. Kwa hiyo daftari hilo lisishikwe na yeyote anayekusanya kodi. Likae kwa koperative, mlangoni mwa shimo: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka. SAEMAPE, ambayo kazi yake ni kuwasaidia wachimbaji hao, iketi na SOKIMO, ilete michoro ya zamani mezani, na iwaite wale wazee wa galeri waonyeshe nini kimebadilika. Walipwe kwa siku hizo, kwa maana siku bila kushuka ni siku bila chakula nyumbani. Nguzo zipigwe rangi. Matundu yenye popo yajulikane na yafungwe kwanza, kabla ya mengine yote.

Wazee waliofanya kazi ndani ya galeri hizo wakati mashine bado zinazunguka wamebaki wachache, na kila mwaka wanapungua.