FARASI WA MGENI NA NG'OMBE WA MWANANCHI

Wako wageni wapendao kupanda farasi ambao huuliza: je, mtu aweza kuja na farasi wake mwenyewe, akampanda ndani ya Hifadhi ya Taifa? Kwa mtu wa mjini swali hili laweza kuonekana la anasa tu, lisilowahusu wakulima wala wafanyakazi. Lakini na aliulize mbele ya wafugaji wa Nyanungu wilayani Tarime, au wa Robanda wilayani Serengeti, naye ataona kwamba si jambo la kuchekwa. Mfugaji wa Mara naye ana swali lake, na maswali haya mawili ni ndugu: ni mnyama wa nani aruhusiwaye kukanyaga majani yale, na kwa sababu gani?

Jibu la swali la mgeni ni fupi: hapana. Serengeti hutazamwa kwa gari, kwa puto lirukalo angani, na kwa miguu kwa idhini maalumu. Mnyama wa kufugwa haingizwi humo kwa hiari ya mwenyewe, awe mbwa, farasi au ng'ombe. Sisi twaliunga mkono jibu hilo. Lakini katazo lisiloelezwa sababu yake huonekana kuwa uonevu, na kwa hiyo twaona ni wajibu wetu kueleza.

Tuanze na farasi mwenyewe. Punda milia hubeba mwilini virusi vya maradhi ya farasi ya Afrika, naye haonekani kudhurika. Visubi humng'ata punda milia, kisha humng'ata farasi. Na farasi asiyechanjwa huponea kwa bahati. Yuko pia mbung'o, aletaye nagana, kama alivyothibitisha daktari David Bruce huko Zululand mnamo mwaka 1895. Wajerumani walipoitawala nchi hii waliona farasi wao wakifa, hata wakajaribu kuwafuga punda milia badala yao. Na mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipoingia nchini kupigana na Wajerumani, farasi wao walikufa kwa maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi bali na wadudu. Mwenye kumpenda farasi wake hatamleta katikati ya punda milia bila maandalizi makubwa.

Lakini maradhi huvuka mpaka kutoka pande zote mbili. Katika miaka ya 1890 sotoka iliingia nchini pamoja na ng'ombe wageni, ikawamaliza ng'ombe wa wananchi, kisha ikawageukia nyumbu na nyati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 tu. Ng'ombe wa vijiji vya kandokando walipochanjwa, sotoka ilitoweka porini, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha nyumbu walikuwa wamepita milioni moja. Mwaka 2011 dunia nzima ilitangazwa kuwa imeondokana na sotoka. Twaomba jambo hili likumbukwe: makundi yale yanayosafiri Wazungu kutoka mbali kuja kuyaona, yaliokolewa kwa sindano waliyochomwa ng'ombe wa wafugaji wetu. Na mwaka 1994 maradhi ya mbwa yaliingia hifadhini yakaua simba wapatao mmoja katika kila watatu. Kwa hiyo asemaye kwamba mnyama mmoja wa kufugwa hawezi kudhuru kitu, hajui historia ya Serengeti.

Mpaka hapa twadhani hakuna mtu mwenye akili atakayetupinga. Ugumu waanza tutokapo kwenye Hifadhi ya Taifa na kuingia katika mapori ya akiba yaliyo jirani. Mapori ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa kuwa mapori ya akiba mwaka 1994. Katika eneo la Grumeti, penye ekari zipatazo 350,000 zinazosimamiwa kwa ajili ya utalii, wako farasi wa kupandwa na wageni, na zizi lao liko Sasakwa. Farasi hao si wa kuja nao mgeni; wanatunzwa papo hapo, na mgeni hulipa apande. Hatusemi kwamba jambo hilo ni kosa. Hata majirani zetu wa Kenya wana safari za farasi katika maeneo ya jamii yanayopakana na Maasai Mara.

Lakini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamkataza mwananchi kuchunga mifugo katika pori la akiba. Ng'ombe wakikutwa humo hukamatwa, na mwenyewe akishtakiwa huenda wakataifishwa na kupigwa mnada. Kwa Mkurya, ng'ombe ni benki yake, ni mahari ya mwanawe na ni karo ya shule. Mtu aweza kuamka ana zizi na kulala hana. Naye asimamapo kilimani akamwona mgeni juu ya farasi akipita katika majani yale yale, mwataka awaze nini? Mkuki kwa nguruwe!

Twajua majibu yatakayotolewa. Wataalamu watasema kwamba farasi wachache wanaotunzwa na daktari si sawa na ng'ombe mamia wanaomaliza malisho na kukausha vyanzo vya maji ya Mto Mara. Wasema kweli. Basi na waseme kweli hiyo vijijini, kwa lugha ya wananchi. Farasi hao wamechanjwa nini? Wanaruhusiwa kupita wapi, na wapi hawaruhusiwi? Kijiji chapata nini katika fedha anayolipa mgeni? Mambo haya yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji, si kufungiwa makabatini.

Na mipaka ionekane. Ubishi juu ya vigingi vya Serengeti upande wa Tarime umekuwa wa muda mrefu. Mwaka 2019 Serikali ilisitisha kuwaondoa wananchi katika vijiji vilivyobainika kuwa ndani ya hifadhi, ikatambua kwamba mchoro wa ofisini na maisha ya watu havikwenda pamoja. Mtu asihukumiwe kwa kuvuka mstari ambao hakuonyeshwa. Tena yachimbwe malambo na kujengwa majosho upande wa vijiji, kwa maana ng'ombe mwenye kiu hasomi kigingi. Tusisahau pia kwamba tembo avukapo mpaka akala mtama wa mtu, yeye hapigwi mnada. Mwenye shamba hungoja kifuta jasho kilichowekwa kwa kanuni tangu mwaka 2011.

Kwa wafugaji nao twasema bila kuficha: kuingiza mifugo hifadhini usiku kwa makusudi si ushujaa. Ni kula mbegu. Mwezi Septemba 1961, katika Tamko la Arusha juu ya wanyamapori, Mwalimu Nyerere aliahidi mbele ya dunia kwamba tutawahifadhi wanyama hawa kwa ajili ya wajukuu wetu. Ahadi hiyo ni yetu sote, na mjukuu wa mfugaji wa Nyanungu ni mmoja wa wanaoahidiwa.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mgeni mwenye farasi akiambiwa hapana, na mwananchi mwenye ng'ombe akiambiwa hapana, na wote wawili wakaelezwa sababu ile ile, mwananchi atalinda hifadhi bila kusimamiwa na bunduki. Lakini kama ndiyo itanunuliwa kwa fedha na hapana itabaki kuwa fungu la maskini, hakuna kigingi kitakachosimama Mara.