Staji ya binti anayesomea kutunza karatasi



Kazi ya kutunza vitabu na karatasi za zamani haijulikani darasani tu. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, chuo cha SLADS cha Bagamoyo kinaifundisha, na wanafunzi wake hutumwa maktabani na ofisini kujifunza kwa mikono.

Inatuhusu nini hapa Zongwe? Sheria ya familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatupa siku 90 za kumwandikisha mtoto aliyezaliwa, bila malipo. Lakini buku la eta-sivili likiliwa na mchwa au likilowa mvua, kesho mtoto atathibitisha vipi jina lake?

Kwa hiyo binti akitafuta staji, tusimwambie anaenda kupangusa vumbi. Tumwombee nafasi kwenye shule, kwenye parokia yenye vitabu vya ubatizo, kwenye kituo cha afya. Hata kikundi chenye kaye za akiba za miaka mingi kinaweza kumpokea. Azipange kwa mwaka, aandike orodha, aziinue kutoka chini. Asibebe karatasi nyumbani, wala asitangaze siri za watu.

Sisi tumpe meza, mtu wa kumwongoza, na nauli. Akimaliza, tumwandikie barua ya kushuhudia kazi yake.