MBA ya Mabosi Tuiache Kwanza

Wanachuo wenzangu, mahafali yakikaribia swali ni lile lile: "Ukimaliza unaenda wapi?" Siku hizi jibu limekuwa jepesi: "Naunganisha tu, napiga MBA." Wengine wanazitaka hasa zile programu za watendaji, za jioni na wikiendi, zinazofundisha mikakati ya biashara na ubunifu. Jina linavutia, na kwenye CV linakaa vizuri. Mimi nasema tusiunganishe. Tungoje kidogo.

Kwanza tujue ziliwekwa kwa ajili ya nani. Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha ya kwanza mwaka 1943, na walengwa walikuwa watu walio kazini tayari. Hadi leo nyingi zinadai miaka kadhaa ya uzoefu, na huo si urasimu. Kule mhadhiri haji kusoma slaidi. Analeta mkasa wa kampuni, kisha anauliza: "Ungekuwa wewe, ungeamuaje?"

Chukua Kodak. Mhandisi wake, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kidijitali mwaka 1975. Mwaka 2012 kampuni hiyo hiyo ikaenda mahakamani kwa kufilisika. Sisi tuliotoka shule moja kwa moja tutajibu fasta: "Walizembea." Lakini aliyewahi kukaa kwenye kikao cha bajeti anajua ugumu ulipo. Filamu ndiyo iliyokuwa ikiingiza hela. Nani atasimama mbele ya wakubwa aseme tumchinje ng'ombe tunayemkamua?

Au chukua M-Pesa. Ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa wakopaji wadogo walipe marejesho yao kwa simu. Watu wakaitumia kwa shida zao nyingine, wakaanza kutumiana pesa. Wahusika wakaliona hilo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ikaja kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Ubunifu ule ulitokana na kumtazama mteja anafanya nini, hata pale alipokwenda kinyume na mpango. Jicho hilo hulipati kwa kukariri nadharia usiku wa kuamkia mtihani.

Najua mtaniambia: "Ajira hazipo, sasa tukae nyumbani tufanye nini?" Hoja ni ya kweli, na siidharau. Lakini ada ya MBA inatoka wapi? Kwa wengi wetu ni mzazi anauza shamba au anakopa. Kumaliza hela hizo ili kuahirisha kutafuta kazi kwa miaka miwili ni mkakati mbovu, hata kama unasomea mikakati. Na kazi ya kujifunzia si lazima iwe ya ofisini. Shika daftari la duka la shangazi, simama kwenye kibanda cha wakala, saidia mahesabu ya SACCOS ya mtaani. Ukirudi darasani utakuwa na la kusema.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina ombi moja: muombe madarasa ya jioni yatufungulie mlango walau mara moja kwa muhula, tukae nyuma tusikilize. Wale kaka na dada wanaoingia na uchovu wa kazini wana mengi ambayo hayamo kwenye vitini vyetu. Kusikiliza hakuna ada, na mzazi atabaki na shamba lake.